Mashine ya kung'arisha mipira ya pool: mng'ao peke yake si faida

WENYE baa na kumbi za pool wanaofikiria kuagiza mashine ya kusafisha na kung'arisha mipira wanashauriwa kuhesabu kwanza idadi ya meza walizonazo na siku wanazosafisha, kwa kuwa mashine hiyo, pamoja na uzuri wake wote, hailipi kila mahali.

Mashine za namna hiyo ni kifaa cha kawaida katika kumbi kubwa za pool nchini Marekani. Mhudumu hutia mipira, hubonyeza swichi, na baada ya dakika chache huitoa ikiwa inang'aa kama kioo. Kwa mwenye meza ambaye mipira yake imepauka na mweupe umegeuka kuwa wa kijivu, ni rahisi kushawishika kwamba hapo ndipo wateja watakapopatikana.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hata hivyo, mfanyabiashara hanunui mashine ili kuthibitisha methali. Anataka kujua nani atalipia mng'ao huo, na fedha yake itarudi baada ya muda gani.

Meza inavyoingiza fedha

Meza za pool zimeenea katika baa za miji ya Tanzania, Kenya na Uganda kiasi kwamba ni moja ya vitega uchumi vinavyopendwa na wenye mitaji midogo. Mwenye meza anaweza kuwa ndiye mwenye baa, au akawa mtu wa nje aliyeiweka pale kwa makubaliano ya kugawana mapato. Kila mchezo hulipiwa, ama kwa sarafu inayotumbukizwa mezani au kwa kumlipa mhudumu.

Biashara hiyo haina mali ya kuoza wala ya kupanga rafuni. Kinachouzwa ni mchezo wenyewe. Meza ikiwa imeinama, kitambaa kimechanika au mipira haiendi inakopigwa, mchezaji anayejua kazi yake huhamia baa ya jirani, na kinywaji chake hukinunua huko huko.

Aidha, nchini Tanzania viongozi wa serikali wamekuwa wakikemea mara kwa mara mchezo huo kuchezwa saa za kazi. Kwa sababu hiyo meza nyingi huingiza fedha jioni na usiku, huku asubuhi zikiwa zimelala. Jambo hilo litarudi mbele katika hesabu, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo ndiyo saa ya kusafisha.

Uchafu unatoka wapi

Seti moja ya pool ina mipira 16, yaani 15 yenye namba na mmoja mweupe unaopigwa kwa fimbo. Uchafu wake mkubwa hautoki mikononi wala kwenye vumbi la barabarani, ingawa vyote viwili vinachangia. Unatoka kwenye chaki.

Chaki ya pool si ile ya ubaoni shuleni. Mwaka 1897 Wamarekani wawili, mcheza biliadi William Spinks na mkemia William Hoskins, walipata hataza ya chaki iliyotengenezwa kwa silika na chembe ngumu za oksidi ya alumini. Oksidi ya alumini ni madini yanayotumika pia kutengeneza msasa. Kazi yake ni kuikwaruza ncha ya fimbo ili ishike mpira isiteleze.

Kila pigo huacha alama ndogo ya chaki juu ya mpira mweupe. Mweupe huipeleka kwa mipira mingine, mipira huipeleka kwenye kitambaa, na kitambaa huirudisha kwenye mipira. Baada ya wiki moja ya wateja wengi, seti nzima huwa imevaa koti jembamba la unga wa msasa uliochanganyika na jasho, mafuta ya chipsi na soda iliyomwagika.

Madhara yake ni mawili. La kwanza ni la mchezo. Mipira miwili ikigongana kwa pembeni, msuguano kati yake huuvuta ule unaogongwa uache kidogo mstari uliokusudiwa. Mipira ikiwa safi, mvuto huo ni mdogo na mchezaji huuzoea. Ikiwa michafu, huongezeka, na alama ya chaki ikiangukia mahali pa kugongana, mipira hunata kwa nukta moja na pigo zuri huharibika. Katika mchezo wa snuka tatizo hilo ni kubwa kiasi kwamba mwamuzi huombwa kuufuta mpira wakati mchezo ukiendelea.

La pili ni la mfuko wa mwenye meza. Chembe zile husaga kitambaa na kukwaruza mipira kila inapobingirika. Kubadilisha kitambaa ni gharama ya vifaa na fundi, pamoja na saa ambazo meza haichezwi.

Kwa hiyo kusafisha kuna faida. Mjadala ni juu ya njia ya kusafisha.

Mashine inavyofanya kazi

Zipo namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kiwandani. Ndani ya sanduku kuna sahani iliyofunikwa zulia, inayozungushwa na mota. Mipira hukaa juu ya sahani hiyo, imezuiwa na kingo zenye zulia ili isirushwe nje. Sahani ikizunguka, kila mpira hujizungusha wenyewe ukisuguliwa chini na pembeni, hadi uso wake wote umepita kwenye zulia. Mhudumu hutia matone ya dawa ya kusafishia, na zulia hufanya kazi ambayo kitambaa na mkono vingefanya.

Namna ya pili ni ya kujitengenezea. Wacheza pool wa Marekani wamekuwa wakichukua mashine ndogo ya kung'arishia magari, kuigeuza juu chini na kuifunga chini ya ndoo iliyotandikwa zulia. Mtikisiko wake wa kuzunguka huifanya mipira ijisugue yenyewe. Huchukua mipira michache kwa mara moja na hupiga kelele, lakini matokeo yake hayako mbali na ya kiwandani.

Tofauti kubwa ni bei. Mashine za kiwandani huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani, na baadhi hupita dola 1,000 kabla ya nauli na ushuru. Ile ya ndoo hugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hiyo.

Ifahamike kwamba hakuna mashine kati ya hizo inayorudisha ujana. Huondoa uchafu na kulainisha mikwaruzo midogo. Mpira uliobonyea au kuchubuka hubaki hivyo hivyo ukiwa unang'aa, na mweupe uliolika ukawa mdogo kuliko wenzake hutoka kwenye mashine ukiwa mdogo vile vile.

Pembe za Unguja, plastiki ya Ubelgiji

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayenunua seti ya mipira leo ananunua bidhaa ambayo zamani malighafi yake ilitoka kwao. Katika karne ya 19 mpira wa biliadi ulichongwa kutoka pembe ya ndovu, na Unguja ilikuwa moja ya masoko makubwa ya pembe duniani. Misafara ilizishusha kutoka bara kupitia Tabora hadi pwani, na kutoka Unguja zilipakiwa kwenda Ulaya, Bara Hindi na Marekani.

Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Meli za huko zilileta kitambaa cha pamba, kile ambacho hadi leo kinaitwa merikani, na kurudi na pembe. Katika jimbo la Connecticut mji mmoja uliitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, kwa sababu viwanda vyake viliishi kwa kuzikata kuwa vitana na vibao vya piano.

Mpira wa biliadi ulihitaji pembe bora zaidi, maana ilibidi uchongwe katikati kabisa ya jino ili usiwe na uzito wa upande mmoja. Jino moja lilitoa mipira michache tu. Hata baada ya kuchongwa, pembe ilinywa unyevu, ilipasuka na kupoteza umbo, na mafundi walilipwa kuichonga upya. Kwa maneno mengine, matunzo ya mipira yalikuwa biashara tangu zamani.

Uhaba wa pembe ndio uliosukuma uvumbuzi. Mwaka 1863 kampuni ya Phelan & Collender ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. John Wesley Hyatt alijibu kwa seluloidi, akaanzisha kiwanda cha mipira huko Albany. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, alivumbua plastiki ya fenoli, ambayo haiyeyuki kwa joto ikishakauka. Plastiki ya jamii hiyo ndiyo inayotengeneza mipira bora hadi sasa.

Soko lake limeshikwa na nchi moja. Kampuni ya Saluc, yenye kiwanda katika kijiji cha Callenelle nchini Ubelgiji, ilianza mwaka 1923 kwa kutengeneza kemikali za kulainishia ngozi, kisha ikahamia kwenye mipira. Jina lake la biashara, Aramith, linajulikana kila penye meza nzuri. Pembe zenyewe ziliondoka rasmi katika biashara ya dunia kwa uamuzi wa mkataba wa CITES wa mwaka 1989, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza zuio hilo.

Mafunzo kwa mwekezaji ni wazi. Malighafi haitoki tena huku, kiwanda kiko Ulaya na mashine ya kung'arisha hutengenezwa nje. Sehemu pekee ya mnyororo huo ambayo lazima ifanyike pale meza ilipo ni matunzo. Kama kuna faida ya kubaki nyumbani, iko hapo.

Hesabu ya kwanza: baa yenye meza mbili

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Kila mwenye meza aweke zake.

Tuchukulie mashine ya kiwandani, pamoja na nauli na ushuru, imefika kwa Sh 2,400,000 na itadumu miaka minne. Hiyo ni Sh 600,000 kwa mwaka, au Sh 50,000 kwa mwezi, hata kama haijawashwa. Tuchukulie pia kwamba mfanyakazi hulipwa Sh 2,000 kwa saa, na kwamba kusafisha seti moja kwa mkono huchukua dakika 20.

Baa yenye meza mbili ikisafisha mara tatu kwa wiki, hutumia saa mbili kwa wiki, au saa nane kwa mwezi wa wiki nne. Gharama ya kazi ni Sh 16,000. Mashine inakula Sh 50,000 kabla ya dawa na umeme. Hapo hakuna mjadala: kitambaa laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji vinatosha.

Na hata hiyo Sh 16,000 huenda haitoki mfukoni. Mhudumu wa asubuhi mara nyingi yuko kazini, meza imelala na wateja hawajafika. Saa aliyokuwa akisubiri ikigeuzwa kuwa ya kusafisha mipira, mwenye baa haongezi hata senti.

Hesabu ya pili: ukumbi wa meza kumi

Ukumbi wenye meza kumi unaosafisha kila siku, siku 26 kwa mwezi, hutumia dakika 200 kwa siku kwa mkono. Kwa mwezi ni saa 86 na dakika 40, sawa na Sh 173,333.

Kwa mashine, mhudumu hutumia tuseme dakika sita kwa seti, za kupakia, kutoa na kufuta. Hiyo ni saa moja kwa siku, saa 26 kwa mwezi, au Sh 52,000. Anaokoa Sh 121,333. Ukitoa Sh 50,000 za uchakavu wa mashine na Sh 20,000 za nyongeza ya dawa na zulia, hubaki Sh 51,333 kabla ya umeme na matengenezo.

Faida ipo, lakini ni nyembamba. Ukumbi huo huo ukiamua kusafisha siku moja na kuruka moja, kazi ya mkono hushuka hadi Sh 86,667 na ya mashine hadi Sh 26,000. Tofauti ni Sh 60,667. Uchakavu ni ule ule Sh 50,000, na dawa na zulia Sh 10,000. Kinachobaki ni Sh 667, ambayo haitoshi hata kumlipa fundi nauli siku mota ikiungua.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Mashine hii ilizaliwa katika nchi ambako saa ya mfanyakazi ni ghali. Huko dakika 200 za kila siku ni fedha nyingi na mashine hujilipa haraka. Penye mshahara mdogo, mashine ile ile, iliyonunuliwa kwa dola zile zile, huokoa kidogo. Bei ya mashine inavuka bahari pamoja nayo, lakini mshahara uliofanya ilipe haivuki nao.

Hesabu ya tatu: fundi wa kuzunguka

Ipo njia nyingine, ya mtu asiye na meza hata moja lakini anayezunguka na mashine kutoka baa hadi baa. Hapa mashine moja huhudumia meza nyingi, na hilo ndilo inalolihitaji.

Tuseme ana baa 12 zenye jumla ya meza 30, na kila seti husafishwa mara moja kwa wiki kwa Sh 3,000. Kwa mwezi huingiza Sh 360,000. Dawa na zulia kwa seti 120, Sh 500 kila moja, ni Sh 60,000. Usafiri wa siku 12, Sh 10,000 kwa siku, ni Sh 120,000. Akiwa na mashine ya Sh 2,400,000, hutoa pia Sh 50,000. Hubaki Sh 130,000, yaani Sh 10,833 kwa kila siku ya kazi. Kibarua wa Sh 2,000 kwa saa angepata Sh 16,000 kwa saa nane bila kuhatarisha mtaji wowote.

Sasa abadilishe mambo mawili. Kwanza, atumie mashine ya ndoo ya Sh 300,000 itakayodumu miaka miwili, sawa na Sh 12,500 kwa mwezi. Pili, akiwa pale pale abadilishe ncha za fimbo zilizokwisha, tuseme 20 kwa mwezi kwa Sh 3,000, zikimgharimu Sh 1,000 kila moja. Hubaki Sh 207,500, au Sh 17,292 kwa siku.

Maana yake ni kwamba mipira inayong'aa ndiyo inayomfungulia mlango, na ncha za fimbo ndizo zinazomlipa. Fundi anayeweza pia kusawazisha meza na kushona au kubadilisha kitambaa ana nafasi nzuri zaidi. Anayetegemea mng'ao peke yake atachoka.

Volti na hezi

Anayeagiza kutoka Marekani asisahau umeme. Huko majumbani hutumika volti 120, hapa ni volti 230. Mashine ya huko ikichomekwa moja kwa moja huungua, hivyo itahitaji transfoma, ambayo ni gharama nyingine.

Transfoma hubadilisha volti lakini haibadilishi masafa. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60 na wa hapa ni hezi 50. Mota ya kawaida ya umeme wa nyumbani inayofuata masafa hayo itazunguka pungufu kwa takriban moja ya sita, na inaweza kupata joto zaidi. Muuzaji aulizwe kwa maandishi kama mota imetengenezwa kwa volti 230 na hezi 50.

Kipimo nacho kiangaliwe. Mipira ya pool ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57.15. Ile ya meza za baa za Uingereza ina milimita 50.8, na mweupe wake mara nyingi ni mdogo zaidi. Mashine yenye matundu au vizuizi vya kipimo kimoja haifai kwa kingine. Mwenye meza apime mipira yake, asikisie.

Zulia chafu ni msasa

Hasara kubwa ya mashine hutokana na uvivu. Chaki inayotoka kwenye mipira haipotei, huingia kwenye zulia. Zulia likishakuwa jeusi limejaa chembe zile zile ngumu, na kila seti inayoingia husagwa badala ya kusafishwa. Mipira itang'aa kwa mbali, lakini chini ya taa mikwaruzo myembamba itaonekana.

Dawa nazo si sawa. Zipo za kusafisha kila siku na zipo za kuondoa mikwaruzo, ambazo hukwangua uso kidogo kila zinapotumika. Hizo za pili ni za mara chache. Nta na dawa za magari zenye silikoni huacha utando unaoteleza, na kanuni za vifaa za chama cha pool cha dunia, WPA, zinataka mipira iwe safi na isiyopakwa nta. Anayetarajia kukodisha meza kwa mashindano alitilie maanani hilo.

Petroli, thina, dawa ya kufulia ya klorini na poda ya kusugulia masufuria visikaribie mipira kabisa. Maji ya moto sana pia ni hatari kwa mipira ya bei nafuu.

Na hiyo mipira ya bei nafuu ni suala la peke yake. Seti nyingi za bei ya chini hutengenezwa kwa poliesta, ambayo ni laini kuliko fenoli na hulika mapema. Kuitia kwenye mashine kila siku ni kuharakisha mwisho wake. Mwenye seti ya namna hiyo akiwa na fedha mkononi, ni afadhali anunue mipira bora kwanza na kuisafisha kwa mkono, kuliko kununua mashine ya kung'arisha mipira inayokufa.

Vile vile kitambaa cha meza kipigwe brashi siku hiyo hiyo. Mipira safi juu ya kitambaa kilichojaa chaki ni sawa na mtu aliyeoga akavaa nguo ile ile chafu.

Kabla ya kutoa fedha

Mwenye meza moja hadi tatu hahitaji mashine. Anahitaji kitambaa laini, ndoo mbili za maji, mtu aliyepewa kazi hiyo kwa jina lake, na siku zilizopangwa. Mipira ioshwe kwa sabuni kidogo, isuuzwe, ikaushwe mmoja mmoja, na seti zisichanganywe. Mweupe ufutwe kila jioni kabla ya mchezo wa kwanza.

Mwenye meza nne hadi tisa aanze na daftari. Kwa mwezi mmoja aandike dakika zinazotumika kusafisha, michezo inayolipiwa kwa kila meza na malalamiko ya wateja. Kisha kwa mwezi wa pili asafishe kila siku kwa mkono na kuandika tena. Kama michezo haikuongezeka kwa mipira safi, haitaongezeka kwa mashine pia, kwa sababu mteja haoni mkono wala mota, anaona mpira.

Mwenye meza kumi na zaidi anayesafisha kila siku anaweza kununua, ikiwa amepata mashine ya umeme wa hapa, vipuri vya zulia vya kutosha na fundi wa mota aliye karibu. Anayekosa kimojawapo asubiri.

Na mwenye mtaji mdogo anayetaka kuingia katika huduma ya kuzunguka aanze na baa tano, ndoo na mikono yake. Akishindwa kupata wateja wa kulipia kazi ya mkono, mashine haitamletea wateja hao. Akiwapata wengi hadi mikono ishindwe, hapo mashine itakuwa imejiita yenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa biashara hii daftari lenyewe ni dogo: idadi ya seti, dakika kwa seti, na fedha kwa dakika. Yeyote asiyeweza kuzijaza nafasi hizo tatu bado hajawa tayari kununua.